Shafti Haina Namba: Historia ya Injini Zilizohamishwa

Sisi tunaofundisha historia ya uchumi wa nchi hii tumezoea kuitafuta katika hotuba za bajeti, taarifa za Benki Kuu na kumbukumbu rasmi za Bunge. Sizibezi nyaraka hizo. Nimezitumia darasani kwa miaka mingi na nitaendelea kuzitumia. Hata hivyo, iko kumbukumbu nyingine ambayo haikuwekwa katika makabati ya Nyaraka za Taifa. Ili kuisoma inakupasa ulale chali juu ya gunia, chini ya Landrova kuukuu ya aina ile iliyozoea kupanda kutoka Korogwe mjini kwenda Vugiri. Huko chini utaona bomba la chuma linalotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu ya nyuma, na mara nyingi bomba hilo lina kovu: mahali lilipokatwa, likafupishwa au likarefushwa, kisha likachomelewa upya. Kichwa chake cha mbele kimetoka Japani. Kichwa cha nyuma kimetoka Uingereza. Mafundi hukiita kifaa hicho propela shafti, au shafti tu. Hoja yangu ni kwamba kovu lile lina tarehe zake, kwamba limesababishwa na sera za dola, na kwamba dola iliyolisababisha haijawahi kuinama ikalitazama.

Vugiri ni kata ya Wilaya ya Korogwe, juu katika Milima ya Usambara Magharibi, upande wa msitu wa Ambangulu na mashamba ya chai. Mji wa Korogwe umelala chini, katika bonde la mto Pangani, kwenye kimo cha takriban mita 300 kutoka usawa wa bahari. Mlimani unavuka mita 1,000. Tofauti hiyo ya kimo hupandwa kwa njia ya udongo yenye kona zinazojikunja, na masika yakishika udongo huo huteleza kama mlenda. Jani la chai likishachumwa halina subira: hupaswa kufika kiwandani siku ileile, la sivyo hupata joto na kuharibika ndani ya gunia. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane naye hana subira. Kwa watu wa mlimani, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halikuwa fahari, wala halikuwa na uhusiano wowote na yale mashangingi ambayo wakubwa wetu huyapanda kwenye lami tupu. Lilikuwa ni nyenzo, kama jembe lilivyo nyenzo.

Msomaji asiye na mazoea ya gereji aniruhusu nieleze kazi ya kifaa chenyewe, kwa sababu bila kukielewa, historia inayofuata haitakuwa na maana. Injini huzalisha nguvu; giaboksi huigawa nguvu hiyo kwa viwango; shafti huipeleka kwenye difu, na difu huyazungusha magurudumu. Ugumu ni kwamba giaboksi limefungwa kwenye chesesi na halitikisiki, ilhali ekseli ya nyuma imening'inizwa kwenye springi na hupanda na kushuka kwa kila shimo. Shafti, kwa hiyo, sharti iweze kujikunja huku inazunguka, na sharti iweze kurefuka na kufupika. Kurefuka hufanywa na sehemu yenye meno yanayoteleza ndani ya bomba. Kujikunja hufanywa na viungo viwili vya msalaba, ambavyo mafundi wetu huviita krosi. Mwingereza Robert Hooke alikichunguza na kukiandikia kiungo hicho katika karne ya 17, na Wazungu wengine hukiita kwa jina la Mtaliano Cardano. Ndiyo maana waliosoma ufundi kwa Kifaransa husema kadani.

Kiungo hicho kina hila moja. Kikizungushwa kikiwa kimepinda, upande wake wa pili hauzunguki kwa mwendo ulio sawa: mara mbili katika kila mzunguko huharakisha, na mara mbili huchelewa. Krosi ya pili huwekwa ili ifute kosa la krosi ya kwanza, na huweza kulifuta endapo tu vichwa viwili vya shafti vimepangwa kwa mwelekeo mmoja na pembe za mbele na nyuma zinalingana. Vikikosana kidogo, gari hutetemeka. Vikikosana sana, krosi huvunjika. Nimesoma insha nyingi juu ya uratibu wa wizara zetu ambazo zingefaidika na aya hii, lakini hilo tuliache.

Sasa ondoa injini ya kiwandani, weka nyingine. Iwapo fundi atalibakiza giaboksi la zamani mahali pake, atahitaji sahani ya chuma ya kuunganisha injini mpya na giaboksi hilo, na shafti hazitaguswa. Hiyo ndiyo njia ya wenye nafasi ya kuchagua. Mara nyingi kwetu injini huja na giaboksi lake mgongoni, kwa kuwa ndivyo linavyouzwa, na kwa kuwa giaboksi la zamani nalo limeshachoka. Giaboksi jipya huwa refu zaidi au fupi zaidi. Mahali shafti inapofungwa pamesogea mbele au nyuma. Matundu ya boliti hayalingani. Isitoshe, difu ya Landrova haikai katikati ya ekseli bali imesogezwa upande wa kulia, wakati giaboksi la pikapu nyingi za Kijapani hutolea nguvu ya nyuma katikati; shafti basi hulazimika kwenda mshazari. Hakuna duka duniani linalouza shafti ya namna hiyo, maana hakuna kiwanda kilichowahi kufikiria gari hilo. Ni gari ambalo limebuniwa na hali.

Hali hiyo ilitoka wapi?

Landrova ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 gari hilo lilikuwa limekwisha kuwa gari la bwana shamba, la misheni na la bwana shauri kote Tanganyika. Korogwe ilikuwa tayari kulipokea kuliko wilaya nyingi. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, uliufanya ukanda mzima wa Tanga kuwa nchi ya mashine: kila shamba kubwa lilikuwa na korona, ile mtambo ya kusaga majani ili kutoa nyuzi, na kila korona ilihitaji karakana, na kila karakana ilihitaji mtu wa kukereza, mtu wa kuchomelea na mtu wa kusikiliza mlio wa beringi. Tunapenda kusema kwamba mkonge ulituachia umaskini na makambi ya manamba. Ni kweli. Uliacha pia watu waliojua kwamba chuma kinaweza kukatwa na kuunganishwa, na kwamba mhimili unaozunguka ukipinda hata kidogo utakula kila kitu kinachoushikilia. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, na mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, ujuzi huo ulianza kutoka getini, ukahamia chini ya miembe ya mjini.

Ulihamia kwa wakati wake. Landrova nyingi zilizokuwa nchini zilikuwa na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, injini mwaminifu lakini yenye kiu. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda kwa kishindo. Mwaka 1979 ikapanda tena. Katikati ya misukosuko hiyo miwili, Februari 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Vitabu vyetu husimulia kufungwa kwa mpaka kama ugomvi wa marais na mgawanyo wa ndege na vichwa vya treni. Kwa mkoa wa Tanga ulikuwa ni jambo la njiani na la kila siku, kwa sababu Mombasa ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam, na yeyote aliyekuwa na gari alijua duka la vipuri la Mombasa au la Nairobi. Mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kati ya hapo ilikuja Vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, ambayo ilichukua magari ya raia na ya mashirika pamoja na fedha za kigeni ambazo zingeagizia vipuri.

Uagizaji nao ulikuwa umewekwa mikononi mwa mashirika ya umma. Nia ilikuwa kuwazuia walanguzi na kuhakikisha fedha chache za kigeni zinatumika kwa mambo ya lazima, na sioni sababu ya kuikejeli nia hiyo leo kwa kuwa tu imeshindwa. Kasoro yake ilikuwa katika swali la nani anaamua kilicho cha lazima. Afisa aliyekaa Dar es Salaam, mbele ya orodha ya maombi, angeweza kuelewa ombi la matrekta. Ombi la krosi mbili za Landrova iliyoegeshwa Vugiri halikuwa na ukubwa wa kuonekana. Basi gari lilikaa juu ya mawe, na likaanza kuliwa: kwanza betri, halafu taa, halafu difu. Landrova moja ilikufa ili mbili ziishi. Hapo ndipo shafti zilipoanza kukatwa. Wakati huo haikuwa kwa ajili ya injini mpya. Shafti ya gari refu ilifupishwa iingie kwenye gari fupi, kwa kuwa Landrova ya nafasi ya inchi 109 kati ya ekseli na ile ya inchi 88 zilikuwa ndugu, na iliyokuwa imepatikana haikuwa inayohitajika.

Ilipofika mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Sabuni, vitambaa na vipuri vilivyofichwa vilitolewa mafichoni, na baadhi ya waliohisi kunyatiwa wakavitupa wenyewe. Wazee wa mjini husimulia mpaka leo habari za spea zilizozamishwa mitoni na kuzikwa mashambani. Siwezi kupima ukubwa wa jambo hilo. Lakini huhitaji takwimu kuona kejeli yake: mwaka ambao taifa lilikuwa na njaa kali ya vipuri ndio mwaka ambao kumiliki vipuri vingi kulikuwa hatari.

Mwaka uliofuata mlango ulifunguliwa kwa upenyo. Bajeti ya mwaka 1984/85, iliyosomwa na Cleopa Msuya, iliruhusu watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, bila kuulizwa sana zilikotoka. Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka, Mzee Mwinyi akapewa jina la Mzee Ruksa, na mwaka 1986 tukatia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wachumi husimulia kipindi hiki kwa thamani ya shilingi na kwa mfumuko wa bei. Mimi ningependa kukisimulia kwa injini. Pikapu za Kijapani zilianza kuonekana tena barabarani, na baada yake basi ndogo zilizotumika, na nyuma ya hizo zikafuata injini zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa, zikiwa zimefungwa kwenye mbao pamoja na magiaboksi yake. Nyingi zilipitia Dubai na Sharjah, ambako wafanyabiashara kutoka pwani yetu, wakiwemo wenye asili ya Unguja, waliweza kununua kwa Kiswahili. Nyingine zilitoka Japani moja kwa moja, nchi ambayo ukaguzi wake wa magari ni wa gharama kiasi kwamba mwenye gari huona nafuu kuliacha likiwa bado na maisha marefu. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi. Bahati hiyo ya usukani imeathiri uchumi wetu kuliko mikataba mingi iliyopigiwa makofi.

Mwenye Landrova ya petroli alifanya hesabu isiyohitaji shahada. Injini ya dizeli ya Isuzu ya sentimita za ujazo 2,771, au ya Toyota ya 2,779, ilikunywa kidogo, ilivuta vizuri kwa mwendo wa polepole, na spea zake zilijaa Gerezani na Ilala. Akaitoa ya Solihull, akaiweka ya Kijapani. Kwa hiyo ule msemo kwamba soko huria liliua ufundi wa kubahatisha wa enzi za uhaba si sahihi hata kidogo. Uhaba ulimfundisha fundi kukata shafti ya Landrova iingie Landrova nyingine. Ruksa ilimletea injini ambayo hakuna shafti iliyoifaa. Kazi iliongezeka, na ikawa ngumu zaidi.

Nina sababu ya kulifahamu hili kwa ukaribu. Nina Landrova iliyonunuliwa kwenye mnada, yenye injini na giaboksi la Isuzu, na shafti yake ya nyuma ilipokatika nililazimika kutafuta nyingine. Nilizunguka yadi kadhaa nikiwa na kipande cha kamba chenye mafundo mawili, fundo moja kwa kila mwisho wa kipimo. Muuzaji mmoja aliniuliza gari ni la mwaka gani. Nilimwambia mbele ni la mwaka fulani na nyuma ni la mwaka mwingine, akacheka, akaniambia niende Korogwe kwa mzee mmoja ambaye zamani alifanya kazi katika karakana ya shamba.

Mzee huyo ana daftari la shule lenye jalada la plastiki. Ndani yake ameandika, kwa penseli, kila shafti iliyopita mikononi mwake: urefu wake kutoka krosi hadi krosi, idadi ya meno, umbali kati ya matundu ya boliti, unene wa bomba, imetoka gari gani na imeingia gari gani. Hakuangalia kamba yangu. Aliagiza gari liegeshwe pale penye usawa, likiwa na mzigo, likisimama kwa magurudumu yake yote, kwa maelezo kwamba gari likiinuliwa kwa jeki ekseli huning'inia na kipimo hudanganya. Akapima. Akaacha nafasi ya vidole viwili vya kuteleza, ili ekseli ikipanda shafti isiligonge giaboksi. Halafu akafungua daftari, akasoma kwa muda, akasema shafti ya mbele ya aina fulani ya pikapu ingefaa ikiongezwa bomba, na kwamba kichwa cha nyuma kingetoka kwenye ile iliyokatika. Kabla ya kuchomelea alivilinganisha vichwa viwili juu ya meza bapa, akavipiga alama kwa chaki, akavishika kwa nukta nne za moto, akazungusha, akapima tena, akagonga kidogo kwa nyundo, ndipo akamaliza. Kazi yote ilichukua muda wa asubuhi moja na nusu. Hooke angeielewa kila hatua.

Nilipomshukuru, yeye alikuwa anatazama kitu kingine. Aliniuliza, Mwalimu, gari hili ukilisimamisha mlimani unalishika kwa nini?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Landrova za aina hii hazina breki ya mkono kwenye magurudumu. Breki yake ya mkono ni ngoma iliyowekwa nyuma ya giaboksi la pili, mahali shafti ya nyuma inapoanzia. Haishiki gurudumu, inaishika shafti, na shafti ndiyo inayoyashika magurudumu. Maana yake ni mbili. Ya kwanza: shafti ya nyuma ikikatika kwenye mlima, unapoteza kwa mpigo mmoja nguvu ya kupanda na breki ya mkono. Ya pili ni mbaya zaidi kwa kuwa haitoi onyo: ukiliondoa giaboksi la Landrova na kuweka la pikapu ya Kijapani, ambayo breki yake ya mkono hukaa kwenye magurudumu ya nyuma, umeliondoa pamoja na ile ngoma, na ekseli ya Landrova iliyobaki haina kitu cha kuvutwa. Mkono wa breki unaweza kubaki mahali pake karibu na kiti, ukavutika vizuri kabisa, bila kuwa umeungwa na chochote. Katika magari ya namna hiyo breki ya mkono ni utingo, anayeruka chini na jiwe kabla gari halijasimama sawasawa.

Mafundi wanalijua tatizo hili na wana majibu yake. Wengine hutengeneza ngoma mpya na kuifunga nyuma ya giaboksi la kigeni. Wengine huhamisha ekseli nzima ya nyuma ya pikapu, hapo shafti na breki zote hupatana, ila sasa magurudumu ya mbele yana boliti tano na ya nyuma sita, kwa hiyo dereva hubeba tairi mbili za akiba. Tena uwiano wa difu ya mbele ukitofautiana na wa nyuma, nguvu ya magurudumu manne haitumiki tena bila kuvunja kitu, na gari la mlimani linabaki la mbuga. Kila jibu lina gharama, na anayechagua gharama ipi ilipwe huwa ni mwenye gari, kwa kuangalia mfuko wake. Abiria walioketi nyuma juu ya magunia hawaulizwi.

Tazama sasa dola inaona nini. Kadi ya gari ina namba ya chesesi na namba ya injini. Ukibadili injini unapaswa kuirekebisha kadi, na wengi hawafanyi hivyo hadi wanapotaka kuuza. Injini hutambuliwa kwa sababu ina namba, na namba hiyo inahusu umiliki, kodi na wizi. Shafti haina namba ya kuandikwa popote. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, mwaka uleule wa mafuta kupanda, na ilitungwa kwa ajili ya magari yaliyofanana na vitabu vyake vya kiwanda. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama inapofika, magari hukaguliwa taa, tairi, mikanda na kizima moto. Ni mambo mema. Lakini kwa gari lililohamishiwa injini swali la kwanza lingekuwa lile la mzee wa Korogwe, na ili kulijibu inabidi mkaguzi alale chini.

Sipendekezi kupiga marufuku. Nimewahi kuwasikia wenzangu, watu wa heshima, wakisema magari haya yaondolewe barabarani. Wanaosema hivyo hawajawahi kuteremsha mgonjwa kutoka mlimani. Kuba, iliyowekewa vikwazo na Marekani, imetembea kwa miongo kadhaa kwa magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yenye injini za dizeli na za Kirusi. Kumasi nchini Ghana kuna Suame Magazine, mji mzima wa mafundi. Nairobi kuna Grogan. Hakuna hata pahali pamoja kati ya hapo ambapo ujuzi huu ulikuja kwa ruhusa.

Sisi tulikuwa na nafasi nzuri kuliko wengi ya kuutumia. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Machame tulijengewa kiwanda cha zana za mashine kwa msaada wa Bulgaria; Mang'ula tulirithi karakana iliyotokana na ujenzi wa TAZARA; Kibaha, Jeshi la Wananchi lilibuni lori la Nyumbu. Kwa ufupi, katika miaka ileile ambayo mafundi wa Korogwe walikuwa wanakata shafti kwa misumeno ya mkono, taifa lilikuwa na mashine za kukereza za kisasa, wahandisi, na dhamira ya kujitegemea. Pande hizo mbili hazikukutana. Wahandisi walikuwa wanatafuta gari jipya la Tanzania, ilhali gari la Tanzania lilikuwa limekwisha kuwapo, lina kichwa cha Isuzu na mkia wa Landrova, na lilihitaji vitu vidogo tu: bomba lenye unene wa kuaminika, krosi za kipimo kimoja, mashine ya kusawazisha mzunguko katika kila mkoa, na mchoro mmoja wa ngoma ya breki. Ubinafsishaji ulipokuja, viwanda vya Machame na Mang'ula vikasinzia. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, sasa ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, na ninauunga mkono kwa dhati. Lakini cheti hicho humpima fundi dhidi ya mtaala, na shafti ya mshazari haimo katika mtaala.

Wakati huohuo ghala linakauka. Magari madogo yanayoshushwa leo bandari ya Dar es Salaam, mengi yake yamelazwa injini kwa upana na yanavutwa na magurudumu ya mbele; hayana propela shafti kabisa. Landrova ya umbo lile la zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Bodaboda zimechukua abiria wengi wa mlimani, nazo zina mnyororo tu, na mnyororo haubebi mgonjwa aliyelala wala magunia kumi ya viazi. Anayetafuta shafti ya kukata sasa hushindana na wanunuzi wa chuma chakavu wanaopima kwa kilo, na kwa kilo shafti njema na shafti iliyopinda ni bei moja.

Nilimwomba yule mzee ruhusa ya kulipiga picha daftari lake, ukurasa kwa ukurasa, ili nakala ikae maktaba. Aliwaza kidogo, akakubali, ila kurasa za mwisho, zenye majina ya wanaomdai na anaowadai, alizifunika kwa kiganja chake mpaka nilipomaliza.